Sijasaini Popote, Kwa Hiyo Sijafungwa? Maswali Yenu Kuhusu Mikataba ya Uingereza

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja, ndiyo maana nimeyaweka pamoja. Wengi wenu mnaamini kwamba mkataba ni karatasi, yaani kama hakuna karatasi yenye saini basi hakuna kitu, na kama ipo basi umekwisha. Imani hiyo inaumiza watu pande zote mbili, anayedai anakata tamaa mapema na anayedaiwa analala usingizi akidhani yuko salama. Nimejibu kwa sheria ya Uingereza na Wales, Scotland nimeigusa sehemu yake.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni fundi rangi, najitegemea, niko Birmingham. Meneja wa kampuni moja yenye duka alinipigia akauliza bei ya kupaka duka lote, nikamwambia £4,000 kazi pamoja na rangi. Akasema ngoja niongee na wenzangu, kesho yake akanitumia meseji WhatsApp kwamba bei sawa, anza Jumatatu, tutakulipa kidogo mwanzo nyingine ukimaliza. Nikapewa £1,200, nikapaka mpaka mwisho, sasa £2,800 iliyobaki hawatoi, wanasema hatukusaini mkataba wowote kwa hiyo hawadaiwi. Wenzangu wananiambia nisamehe tu. Kweli sina haki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na usisamehe. Mkataba unao, tena mzuri tu.

Sheria ya hapa haikuulizi kwanza kama ulisaini, inakuuliza kama mlikubaliana. Wewe ulitaja bei na kazi, hiyo ni ofa, yaani umesema jambo ukiwa tayari kufungwa nalo mwenzio akilikubali. Yeye akajibu sawa anza Jumatatu, hajabadilisha bei hajaongeza sharti, huko ndiko kukubali. Wewe unatoa kazi yako na rangi, wao wanatoa hela, kwa hiyo kila upande umetoa kitu kwa ajili ya cha mwenzake, na hili la kila upande kutoa kitu ni nguzo kubwa sana kwenye sheria ya Uingereza kama utakavyoona kwenye maswali ya mbele. Halafu nyote mlikuwa kwenye biashara, na watu wakipatana kibiashara mahakama inaanza na dhana kwamba walimaanisha sheria iwafunge, anayesema ilikuwa maongezi tu ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Mambo ya msingi pia yalieleweka: kazi gani, wapi, bei gani.

Hilo la kueleweka watu wanalipuuza. Mwaka 1941 Baraza la Malordi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, liliamua kesi ya Scammell na Ouston ambapo watu walipatana kuuziana gari la mizigo, salio lilipwe kwa masharti ya kukodi na kununua (unalitumia huku unalilipia kidogo kidogo) kwa miaka miwili, basi, hawakusema masharti yenyewe ni yapi. Majaji wakasema haya maneno hayana kitu cha kushika, hakuna mkataba. Kwa hiyo ukipatana na mtu usiache mambo makubwa yaelee, taja bei, taja kazi, taja lini unalipwa.

Kuhusu WhatsApp usitishwe. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ilikuwa na kesi ya kampuni ya ujenzi na mkandarasi wa kubomoa majengo, na jaji akaona meseji zao za WhatsApp zilitosha kabisa kuunda mkataba ingawa kampuni ilikuwa inang'ang'ania kwamba mkataba ni ule wa karatasi iliyokuja kuutuma baadaye. Hata maneno ya mdomo matupu yanafunga, tatizo lake ni ushahidi tu. Kwako ushahidi upo, meseji, ile £1,200 iliyoingia benki, na duka lenyewe limepakwa.

Ila nisiwadanganye wengine mkadhani kila neno linalotoka mdomoni ni mkataba. Kuna kesi ya 2017, Blue na Ashley, tajiri mmoja akiwa kwenye baa London na watu wa benki wanakunywa akasema atamlipa mwenzie £15 milioni kama bei ya hisa za kampuni yake ikifika £8. Bei ikafika, mwenzie akadai. Jaji akasema hakuna mtu mwenye akili zake pale mezani angechukulia yale maneno kuwa ofa ya kweli. Mahakama haiingii moyoni mwako kutafuta ulimaanisha nini, inaangalia maneno na matendo yako kama mtu wa kawaida aliyesimama pale angeyaelewaje.

Sasa fanya hivi. Waandikie barua au imeili, eleza makubaliano, kiasi, tarehe, wape siku 14 walipe la sivyo unakwenda mahakamani. Kwa kuwa ni biashara kwa biashara, kuna sheria ya 1998 ya kuchelewesha malipo, inakuruhusu kudai riba ya asilimia 8 juu ya riba ya Benki Kuu ya Uingereza, na juu yake fidia ya £70 kwa deni la ukubwa wako. Wakinyamaza, fungua dai mtandaoni, madai ya mpaka £10,000 huwa yanapelekwa njia ya madai madogo ambayo huhitaji wakili. Una miaka 6 tangu walipovunja mkataba lakini tafadhali usingoje hiyo miaka, watu wanabadilisha simu na meseji zinapotea.

Na kwa mafundi wote: kazi hii ingekuwa nyumbani kwa mtu binafsi na mmepatana palepale sebuleni kwake, ulitakiwa umpe maandishi kwamba ana haki ya kughairi ndani ya siku 14. Usipompa, muda wake wa kughairi unarefuka, na anaweza kughairi ukakosa malipo ya kazi uliyokwisha kuifanya. Nimeona mafundi wazuri wanaumia hapo, ni ukurasa mmoja tu, uchapeni mtembee nao.

SWALI: Habari za kazi. Nilitangaza gari langu mtandaoni £4,500. Jamaa akaja akasema atachukua kwa £4,200, nikakataa, nikamwambia bei ni ileile ila ntakushikilia mpaka Jumapili ufikirie. Jumamosi asubuhi akaja mwingine na hela yote nikamuuzia, nikamtumia yule wa kwanza meseji saa sita mchana kwamba gari limeuzwa, akaisoma. Saa nane akanijibu "nakubali £4,500" na sasa anatishia kunishtaki kwamba nimevunja mkataba. Niko Reading.

JIBU: Hakushindi huyo, ila umeponea chupuchupu, nitakwambia kwa nini.

Tangazo lako lenyewe kwa kawaida si ofa, ni kuwaita watu waje waseme wanatoa ngapi. Ndivyo ilivyo pia kwa bidhaa kwenye rafu za duka, kesi ya duka la dawa la Boots ya 1953 ilisema mteja ndiye anayetoa ofa akifika kwa keshia, duka linaweza kukataa. Tangazo linageuka ofa pale linapoahidi jambo kwa atakayetimiza sharti fulani, na hapo kuna kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria hapa anaijua, ya Bi Carlill. Kampuni moja ilitangaza kwamba itampa £100 yeyote atakayetumia dawa yao ya kuvuta puani mara tatu kwa siku kwa wiki mbili akaugua mafua, tena wakaandika wameweka £1,000 benki kuonyesha hawatanii. Mama akatumia, akaugua, akadai. Kampuni ikasema ule ulikuwa mbwembwe wa biashara na wala hakutuambia kama amekubali. Mahakama ya Rufaa Desemba 1892 ikawaambia walipeni mama hela zake, zile hela mlizosema mmeweka benki zinaonyesha mlimaanisha, na kukubali kwake ni kule kutimiza masharti.

Turudi kwako. Jamaa aliposema £4,200 aliua ofa yoyote ya £4,500 iliyokuwepo, maana ofa mpya inafuta ya zamani, hiyo ni tangu Hyde na Wrench mwaka 1840, shamba lilitolewa kwa £1,000, mnunuzi akasema £950, akakataliwa, akarudi mbio kusema basi nachukua kwa £1,000, akaambiwa umechelewa. Lakini wewe ukaifufua ofa uliposema bei ni ileile ntakushikilia mpaka Jumapili. Hapo wengi wanafikiri ahadi ya kushikilia inafunga. Haifungi, kwa sababu yeye hakukupa chochote ili umshikilie. Kesi ya Dickinson na Dodds ya 1876 ni kama yako kabisa, muuzaji aliahidi kusubiri mpaka Ijumaa asubuhi akauza kabla, mnunuzi akapata habari, mahakama ikasema hana dai. Angekupa hata £20 ya kukufanya usimuuzie mtu mpaka Jumapili, hilo lingekuwa jambo jingine, hapo ungekuwa umefungwa.

Kilichokuokoa ni ile meseji ya saa sita. Kuondoa ofa mpaka mwenzio ajue, siyo wewe uamue moyoni tu. Angekutumia "nakubali" saa tano na wewe hujamwambia kitu, ungekuwa umeuza gari moja kwa watu wawili na mmoja wao angekudai tofauti ya bei ya kutafuta gari jingine kama lile. Hifadhi skrinishoti yenye saa.

SWALI: Dada, tuko Leicester, tunacheza mchezo watu kumi, £200 kila mwezi, mimi ndiye kijumbe. Mwenzetu mmoja alipokea £2,000 zake mwezi wa tatu kisha akaacha kutoa. Anasema mambo ya marafiki hayaendi mahakamani. Je ni kweli?

JIBU: Swali hili limenigusa kwa sababu hela za mchezo ni za ada, za nauli, za kuzika watu, na anayekimbia nazo anajua wenzake wanaogopa mahakama.

Anachosema kina mzizi. Sheria ya hapa inaanza na dhana kwamba watu wa familia na marafiki wakiahidiana hawakusudii kushtakiana. Imetoka kesi ya Balfour ya 1919, mume alikuwa anafanya kazi Ceylon (Sri Lanka ya leo), wakaja likizo Uingereza, mke akaumwa akabaki kwa ushauri wa daktari, mume akaahidi kumtumia £30 kila mwezi. Ndoa ikavunjika, mke akadai, akashindwa, mahakama ikasema haya ni mapatano ya nyumbani kati ya mke na mume wanaopendana. Lakini dhana ni mwanzo wa mjadala, siyo mwisho wake. Mwaka 1970 kwenye kesi ya Merritt, mume alikuwa ameshahamia kwa mwanamke mwingine, wakakaa kwenye gari wakahesabu, akasaini kikaratasi kwamba mke akimaliza mkopo wa nyumba atamwandikia nyumba. Hapo mahakama ikasema hawa hawakuwa tena wanapatana kwa mapenzi, kila mmoja alikuwa analinda chake, mkataba upo.

Kesi iliyo karibu zaidi na mchezo wenu ni Simpkins na Pays ya 1955. Wanawake watatu nyumba moja, bibi, mjukuu wake na mpangaji, walikuwa wanacheza shindano la gazeti kila wiki, wanachanga, jina linaandikwa la bibi. Wakashinda £750 bibi akakatalia zote. Jaji akasema hapa kulikuwa na kuchanga kwa pamoja na matarajio ya kugawana, mpangaji apewe theluthi yake, £250. Hawakuwa na karatasi wale.

Kwenu kuna hela inatoka mfukoni kila mwezi, kuna kiasi kamili, kuna zamu, kila mtu anatoa kwa sababu wenzake wanatoa. Kwa maoni yangu hiyo inazidi maongezi ya urafiki, na jaji ana sababu nyingi za kuona mlikusudia kufungana. Siwezi kukuahidi ushindi maana swali la nia linaamuliwa kwa ushahidi wa kila kesi, ndiyo maana ushahidi ndio kila kitu hapa: grupu la WhatsApp lenye ratiba, meseji zake akiomba zamu ya mapema, malipo ya benki. Deni lake ni miezi saba iliyobaki, £1,400, na aliyepungukiwa ni kila mmoja wa wale saba wanaofuata, kwa hiyo msimwachie kijumbe adai peke yake, wote saba wawemo. Barua kwanza, siku zake za kujibu, halafu madai madogo.

Na mzunguko ujao andikeni ukurasa mmoja, kila mtu asaini, muweke sentensi moja wazi kwamba makubaliano haya yanatufunga kisheria. Sentensi hiyo ndiyo inayojibu swali la nia kabla halijaulizwa. Asiyetaka kuisaini mmemjua mapema.

SWALI: Mjomba aliniahidi £3,000 za masomo, nikakubali chuo kwa kumtegemea, sasa amegoma. Na shemeji yangu nilimsaidia wikendi nzima kuhamisha duka, kazi ilipoisha akasema "ntakupa £500" hajatoa. Nani kati yao naweza kumbana?

JIBU: Pole sana, lakini sitaki nikupe matumaini ya bure. Mjomba hakupata chochote kutoka kwako kwa ajili ya ile ahadi, ni zawadi iliyoahidiwa, na ahadi ya zawadi kwa sheria ya Uingereza haifungi isipokuwa imewekwa kwenye hati rasmi iliyosainiwa mbele ya shahidi naye akasaini. Thamani ya unachotoa siyo tatizo, mwaka 1842 mjane alilipa £1 kwa mwaka kukaa kwenye nyumba na mahakama ikasema inatosha, lakini lazima kiwepo kitu. Kwamba ulimtegemea ukajiunga na chuo inaleta huruma, na kuna kanuni inayozuia mtu kugeuka neno lake, ila kanuni hiyo ni ya kujikinga ukishtakiwa, huwezi kuitumia peke yake kudai hela.

Shemeji ni jambo la wakati. Ahadi ilikuja baada ya kazi kwisha, na kilichokwisha kufanyika hakiwezi kuwa bei ya ahadi ya baadaye. Kwenye kesi ya McArdle ya 1951 mke wa mmoja wa ndugu alikarabati nyumba ya familia, baadaye ndugu wakasaini kabisa karatasi kwamba watamrudishia £488, na bado akashindwa, kwa sababu kazi ilikuwa imeshafanyika kabla ya ahadi. Umeona, saini ipo na mkataba haupo. Njia iliyobaki ni kama yeye ndiye alikuomba kazi na mazingira yalionyesha toka mwanzo kwamba utalipwa, mfano unafanya kazi hiyo ya kuhamisha watu kwa hela na yeye anajua. Kama ulikwenda kama shemeji tu, ni vigumu.

SWALI: Nimesaini mkataba wa gym dukani kwao bila kusoma, miezi 24, nimepoteza kazi hawataki kuniachia. Si walitakiwa wanisomee?

JIBU: Hawakutakiwa. Saini ni kitu kizito hapa, tangu 1934, kesi ya mwanamke mwenye mgahawa Llandudno aliyenunua mashine ya sigara, mashine mbovu, lakini alikuwa amesaini karatasi ya maandishi madogo inayomnyima haki zote, mahakama ikasema umesaini umefungwa, hata kama hukusoma. Hiyo kanuni ingali hai.

Ila ina milango. Wa kwanza ni kama walikudanganya kuhusu kilichoandikwa. Mwaka 1951 mama alipeleka gauni la harusi kwa dobi, akauliza hii karatasi nasaini ya nini, akaambiwa ni kuhusu shanga na vimetameta tu, kumbe inasema hawawajibiki kwa uharibifu wowote. Gauni likarudi na doa. Mahakama ikawazuia kujificha nyuma ya karatasi. Kwa hiyo jiulize uliambiwa nini siku ile, kama uliambiwa unaweza kutoka muda wowote na ndiyo maana ukasaini, liandike leo kabla hujasahau, na jina la aliyekwambia.

Mlango wa pili ni mkubwa zaidi kwako wewe mteja wa kawaida, sheria ya haki za walaji ya 2015. Sharti lisilo la haki, yaani linaloegemea mno upande wa mfanyabiashara na kukuumiza, halikufungi hata ukisaini mara kumi. Bei yenyewe na huduma yenyewe huwezi kuzipinga kirahisi kama zimeandikwa wazi, lakini kufungwa muda mrefu bila njia ya kutoka hata mtu akipoteza kazi, hilo linaweza kupingwa. Zile siku 14 za kughairi ulizosikia ni za kununua mtandaoni, kwa simu au nje ya duka, wewe ulikwenda mwenyewe kwao kwa hiyo sahau. Waandikie, taja hiyo sheria, eleza umepoteza kazi, na wapigie Citizens Advice, ushauri wao ni bure.

SWALI: Mwanangu ana miaka 17, amenunua nguo za £900 kwa mkopo wa duka. Nalipa mimi?

JIBU: Wewe hukuingia mkataba huo, hulipi, labda kama ulimdhamini. Na yeye chini ya miaka 18 anafungwa tu na vitu vya lazima kwa maisha yake, kwa bei ya haki. Mwaka 1908 fundi nguo alimdai kijana wa Cambridge pamoja na mambo mengine vizibao 11 vya fahari, akakosa, kwa kuwa baba alikuwa ameshamnunulia mavazi ya kutosha. Lakini nguo ambazo hajavaa azirudishe, mahakama ina uwezo wa kumwamuru arudishe, na ni haki.

SWALI: Rafiki ananiomba nimdhamini apate nyumba ya kupanga na wenzake watatu. Dalali anasema nijibu imeili tu kwamba nakubali. Imeili si kitu, si ndiyo?

JIBU: Dada yangu, simama hapo. Imeili ni kitu.

Udhamini ni moja ya mikataba michache ambayo lazima iwe kwa maandishi na isainiwe na mdhamini, sheria hiyo ni ya 1677 na bado inatumika. Sasa ukisikia maandishi na saini unafikiria kalamu, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa kwenye kesi ya Golden Ocean ilikubali udhamini wa mamilioni uliotokana na mfululizo wa imeili, jina la mtu kuandikwa chini ya imeili likahesabiwa kuwa saini. Kwa hiyo ukiandika nakubali kumdhamini halafu jina lako chini, usiseme hukujua.

Nisikilize vizuri kwenye hili la wenzake watatu. Wakipanga pamoja kwa mkataba mmoja, kila mmoja anawajibika kwa kodi yote, na udhamini wako kama haukuandikwa kwa mipaka unaweza kubeba kodi ya watu ambao hujawahi hata kuwaona, pamoja na uharibifu wao. Omba karatasi kamili kabla ya kusema neno lolote. Angalia kama inataja fungu la rafiki yako peke yake, kama ina kiwango cha juu cha fedha, na kama inaendelea hata kodi ikipandishwa. Ikiwa imeandikwa kuwa ni hati rasmi ya kusainiwa mbele ya shahidi, ujue haihitaji hata wewe kupata chochote, na muda wa kukudai unakuwa miaka 12 badala ya 6. Wakikataa kuweka mipaka, kataa, na urafiki wa kweli utalielewa hilo.

SWALI: Mimi niko Glasgow, haya yote yananihusu?

JIBU: Siyo yote. Scotland ina sheria yake ya mikataba, na tofauti kubwa ni kwamba kule hakuna lile sharti la kila upande kutoa kitu, ahadi ya upande mmoja inaweza kufunga yenyewe. Msomaji wetu wa mjomba angekuwa na mazungumzo tofauti kabisa huko, ingawa ahadi ya namna hiyo nje ya biashara nayo inataka maandishi. Tafuta mwanasheria wa hukohuko.

SWALI: Tumekubaliwa kununua nyumba, bei imepatana, tumelipa mpimaji na wakili, sasa mwenye nyumba amepata mtu wa kumwongezea £10,000 anatuacha. Ana imeili yetu na sisi tuna yake ya kukubali. Tumshtaki?

JIBU: Najua inauma, hela ya mpimaji hairudi na watoto mmeshawaambia. Lakini kwa nyumba na ardhi, sheria ya 1989 inataka mkataba ulioandikwa, wenye masharti yote mliyopatana, na uliosainiwa na pande zote mbili. Mpaka mawakili wabadilishane mikataba iliyosainiwa, ambapo kwa kawaida mnunuzi anatoa asilimia 10, kila mtu yuko huru kuondoka, yeye na ninyi pia. Ndiyo maana imeili za madalali na mawakili zimejaa maneno "subject to contract", maana yake bado hatujafungana.

Angalieni kwanza kama imeili ile ya kukubali ina maneno hayo, najua itakuwa nayo. Halafu kwa nyumba inayofuata, mwambieni wakili mapema kwamba mnataka makubaliano ya kuzuia muuzaji asiongee na mnunuzi mwingine kwa wiki kadhaa, yaandikwe, muda wake utajwe, na mtoe kitu kidogo kwa ajili yake. Hayo yanafunga, na akiyavunja mnaweza kudai gharama za mpimaji na wakili. Yaombeni siku ileile mnayokubaliwa bei, kabla hamjalipa mtu yeyote.